Fosi, maji ya choo na mito yetu ya Bukavu: maswali yanayorudi kila mara

Haya ni maswali juu ya fosi (tangi la chini ya ardhi la maji ya choo) tunayoletewa na wenye parseli, wamasoni, mashefu wa avenyu, wasimamizi wa mashule na mahoteli hapa Bukavu. Yamewekwa vile yanavyokuja, mengine yana jibu refu, mengine mstari mmoja unatosha. Kila mara tunapojibu tunaanzia chini, pale maji yanapotokea, kwa sababu hapo ndo mto unaanza kulipa.

Kwani mto haujisafishi wenyewe? Wazee walimwaga humo tangu zamani.

Unajisafisha, lakini una kiwango chake. Ndani ya maji kuna bakteria wanaokula uchafu, na wakila wanapumua, wanatumia oksijeni ileile samaki anayoitegemea. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, maji yenye nyuzi 20 yanabeba miligramu 7 na nusu hivi za oksijeni kwa lita, haiwezi kuzidi sana hapo, na samaki wengi wanaanza kuteseka ikishuka chini ya 5. Sasa maji ya choo mabichi yanadai miligramu 200 mpaka 400 kwa lita. Ndo ile namba mafundi wanaiita DBO5, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaimaliza kwa siku 5. Chukua 300 ugawe kwa 7 na nusu: lita moja ya choo inamaliza oksijeni yote ya lita 40 za mto. Mto Kawa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, ni kamtaro tu, hizo lita 40 kwa kila lita ya choo utazitoa wapi na watu vile wamejaa pande zote mbili?

Wazee walikuwa wachache, basi. Na tusisahau wa chini: Kawa inaingia ziwani, ziwa linatoka kwa Ruzizi, Ruzizi inateremka mpaka Tanganyika upande wa Uvira, na njiani kuna watu wanaoteka na bidoni, wanaofua, watoto wanaooga. Kipindupindu pande za Uvira kinarudi mwaka hata mwaka.

Fosi septiki inasafisha maji au inayaficha tu?

Inasafisha kidogo, na hapa ndo watu wengi wanadanganyika. Ndani ya fosi vitu vizito vinashuka chini vinakuwa tope, mafuta yanapanda juu yanafanya gamba, katikati kunabaki maji yanayoonekana afadhali. Fosi iliyojengwa vizuri inapunguza ule uchafu wa DBO5 kwa asilimia 30 mpaka 50 hivi. Vijidudu vya magonjwa inapunguza pengine tisa kwa kila kumi, na hiyo inasikika kubwa mpaka ujue kwamba mililita 100 za maji ya choo zinaweza kuwa na vijidudu vya kinyesi milioni 10. Toa tisa kwa kumi, bado unabaki na milioni moja ndani ya kikombe kidogo, na kwa maji ya kunywa OMS (shirika la afya duniani) inataka sifuri.

Kwa hiyo fosi ni hatua ya kwanza. Ukiitoboa ukaunganisha tuyo (bomba) mpaka mtoni, umemwaga choo mtoni, hata kama masoni alipiga simenti nzuri na vigae juu.

Niko na parseli ndogo Kadutu, mteremko mkali, niweke nini?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na ndilo gumu.

Vitabu vinasema: fosi, halafu shimo la kunyonya maji, na lile shimo likae mita 30 kutoka kisima au chemchemi, na chini yake kubaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufika maji ya ardhini. Ni sawa kwa Muhumba au kwa mtu mwenye uwanja wa tambarare. Kadutu, Cimpunda, Nyamugo, nani ana mita 30? Kwanza udongo wetu ni wa mfinyanzi, unanyonya polepole, pili mteremko ukilowa unateremka. Kila msimu wa mvua tunazika watu kwa sababu ya udongo ulioporomoka, na kuongezea maji ya choo ndani ya ule mteremko mwaka mzima ni kuusaidia uanguke juu ya jirani wa chini. Shimo la kunyonya kwenye mteremko mkali tunasema hapana, hata kama umelipa tayari.

Kuna njia mbili tunazoziamini.

Ya kwanza ni ya pamoja. Parseli sita, nane, kumi za avenyu moja zinaunganisha tuyo nyembamba, zinateremka mpaka pahali penye nafasi kidogo kule chini, hapo panajengwa fosi moja kubwa yenye vyumba vingi, vinne au vitano, ambapo maji yanalazimishwa kushuka na kupanda chumba kwa chumba yapite ndani ya tope lenye bakteria. Haitumii umeme hata kidogo, mteremko wenyewe ndo unasukuma maji. Ikijengwa vizuri inatoa uchafu mara mbili ya fosi ya kawaida. Ugumu wake uko kwa watu: nani anatoa kipande chake cha chini, nani analipa vidanji (watu wa kunyonya tope la fosi), nani anashika ufunguo. Hayo muyaandike na kuyasaini mbele ya shefu wa avenyu kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti.

Ya pili ni ya mtu peke yake: choo kikavu cha vyumba viwili, mkojo unaenda upande wake, kinyesi kinafunikwa na majivu, chumba kimoja kikijaa unakifunga unatumia kingine. Na baridi yetu ya Bukavu kile kilichofungwa kikae mwaka moja na nusu mpaka miwili kabla ya kukigusa, usisikilize anayekuambia miezi sita. Hakitoi maji, basi hakimwagi kitu Kawa. Watu wanakidharau wakidhani ni musalani wa kijijini, lakini kwa parseli ya mita 10 kwa 12 kwenye mlima, hatujaona kitu cha bei ndogo kinacholinda mto kuliko hicho.

Fosi yangu iwe na ukubwa gani?

Tufanye hesabu ya nyumba ya watu 10 wenye choo cha kumwagia maji. Tuseme kila mtu anatuma lita 60 kwa siku, hiyo ni lita 600. Maji yanatakiwa kukaa ndani angalau siku moja, bora mbili, basi lita 1,200. Halafu unaweka nafasi ya tope: lita 40 hivi kwa mtu kwa mwaka, ukitaka vidanji walinyonye kila miaka 3 ni 40 mara 10 mara 3, lita 1,200 nyingine. Jumla 2,400, jenga mita kibi 3 (lita 3,000) usijute. Chumba cha kwanza kichukue theluthi mbili, cha pili theluthi moja, na kwenye kuingia na kutoka uweke tuyo ya umbo la T, kwa sababu bila hiyo T lile gamba la mafuta linatoka moja kwa moja. Hiyo T ndo kitu cha kwanza wamasoni wanaruka ili kuokoa pesa kidogo, kwa hiyo siku ya kufunga dali (kifuniko cha zege) ya juu uwe hapo, uione kwa macho yako.

Na uache milango ya kufungulia juu ya vyumba vyote viwili. Kuko fosi nyingi mjini ambazo juu yake walishajenga chumba cha mpangaji, sasa vidanji atapita wapi?

Masoni anasema tuache chini bila beto (zege), hivi fosi haitajaa kamwe. Ni kweli?

Haitajaa haraka, kweli, kwa sababu inavuja. Inavujia chemchemi ya watu wa chini. Kataa.

Kuna poda na hamira wanauza sokoni, eti ukitia fosi haijai tena?

Bakteria wanaotakiwa wanafika wenyewe, unawaleta kila asubuhi ukienda chooni. Hakuna poda inayofanya tope lipotee, mchanga na vitu visivyooza vinabaki palepale. Zile pesa ziweke kwa vidanji.

Vidanji wanapeleka wapi lile tope?

Asante kwa anayeuliza hivi, juu wengi wanauliza bei tu.

Tope la fosi ni kali mara nyingi kuliko maji ya choo, na limejaa mayai ya minyoo. Lori moja likimwagwa mtoni linaharibu kazi nzuri ya fosi zote za avenyu. Na wote tunajua usiku wa mvua kubwa nini kinatokea mjini: watu wanafungua shimo, wanaachilia kwenye mtaro, mvua inabeba. Asubuhi kunabaki harufu na makaratasi yameshikana kwenye majani ya kando.

Kwa hiyo ukichagua mfumo wowote, iwe fosi, iwe mashini ya dola elfu nyingi, uliza kwanza: tope litatoka mara ngapi, kwa mkono wa nani, litaenda wapi? Asiyekujibu hajakuuzia mfumo. Njia ya kawaida ya kulitunza ni vitanda vya kukaushia: beseni la beto, kokoto chini, mchanga juu, tope linamwagwa kwa unene wa sentimita 20 au 30, maji yanachuja chini na yale nayo yanapelekwa kusafishwa, tope linakauka kwa wiki kadhaa. Ukipanda matete juu unaweza kuendelea kumwaga miaka kadhaa kabla ya kuchota. Dakar, kule Senegal, walijenga vitanda vya kukaushia Cambérène. Bukavu inahitaji pahali pa namna hiyo kuliko inavyohitaji mashini yoyote, huo ndo msimamo wetu na hatuurudishi.

Na wale vijana wanaochota kwa mkono, wape buti na glavu, wape maji na sabuni, walipe vizuri. Asiingie mtu ndani ya shimo lililofungwa, ile gesi ya mayai maviza inaua kwa dakika chache.

Tuna hoteli karibu na ziwa, wametuonyesha kwenye simu mashini ya kupuliza hewa, inatoa maji safi kabisa. Tununue?

Mashini yenyewe haina kosa. Ile namna ya kupuliza hewa kwenye tope ili bakteria wale haraka, Waingereza wawili, Ardern na Lockett, waliionyesha Manchester mwaka 1914, na miji mikubwa ya dunia inaitumia mpaka leo. Ikishikwa vizuri inashusha DBO5 chini ya miligramu 25 kwa lita, ile ambayo Ulaya iliweka kwenye sheria yake ya mwaka 1991.

Sasa njoo Bukavu. Ile mashini inahitaji kupuliza usiku na mchana. Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria wanakosa pumzi, tope linaoza, linanuka, linaanza kutoka na maji. Utawasha jenereta kwa ajili ya choo wakati hata friji za jikoni zimezimwa? Meneja wengi wataizima, tunajua, na siku hiyo hoteli inakuwa inamwaga ziwani kwa tuyo ya bei ghali. Kuna na mambo ya membreni, pampu, fundi wa kuja kutoka mbali.

Kama kweli mna umeme wa uhakika, paneli za sola zenye betri za kutosha, mtu wa kuishughulikia kila siku na bajeti ya vipuri ya miaka 10, nunueni, hasa kama nafasi ni ndogo. Kama kimoja kinakosa, chukueni mfumo usio na umeme: chujio la mafuta ya jikoni, fosi ya vyumba vingi, halafu bustani ya matete. Inatoa maji yenye kutosha kwa ziwa, na ikiachwa wiki moja bila mtu haifi.

Muuzaji mulizeni vitu vitatu tu, kwa maandishi: maji yatakayotoka yatakuwa na DBO5 ngapi, umeme kiasi gani kwa siku, na ukikatika kwa muda wa saa 12 nini kinatokea. Mkimwona anazungukazunguka kwa hilo la tatu, mmeshajibiwa.

Hii bustani ya matete ni kitu cha kweli au ni ya picha?

Ya kweli. Mjerumani mama Käthe Seidel alianza kuijaribu miaka ya 1950, na Wafaransa wanayo kwa maelfu vijijini. Unachimba beseni, unaweka plastiki nene au beto ili isivuje, unajaza kokoto na mchanga, unapanda matete au mafunjo (yanaota yenyewe kwenye mabwawa yetu, hakuna cha kununua), maji yaliyotoka fosi yanapita ndani ya kokoto. Kazi kubwa inafanywa na bakteria walioshika kokoto, mizizi inasaidia isizibe.

Nafasi: weka mita 1 mpaka 2 za mraba kwa kila mtu, baada ya fosi. Shule yenye watoto 300 wa mchana ni tofauti na internati ya 300, wanaolala ndo mnahesabu kamili. Kitu kinachoiua ni kokoto chafu yenye udongo: inaziba ndani ya mwaka. Osheni kokoto kabla ya kuweka, hata kama vijana watalalamika.

Na mabwawa makubwa kama ya Nairobi?

Dandora ni mabwawa, ndiyo, na yanafanya kazi kwa jua, muda na mwani bila umeme. Yanaondoa mayai ya minyoo kuliko karibu kila kitu kingine, kwa sababu maji yanakaa wiki nyingi. Lakini yanataka ardhi tambarare ya hekta nyingi. Bukavu haina. Kwa Lubumbashi, ndugu zetu wanayo nafasi, wao wayafikirie.

Klorini au javel mwishoni haimalizi yote?

Kwenye maji bado machafu klorini inaliwa na uchafu kabla haijagusa vijidudu. Safisha kwanza. Na ukimwaga javel nyingi chooni unaua bakteria wa fosi yako mwenyewe, kiasi cha kufulia kawaida hakina shida.

Maji ya kuoga na ya jikoni nayo?

Yanaweza kuingia fosi, ila uongeze ukubwa. Ya jikoni ya restora yapitie kwanza kisanduku cha kukamatia mafuta, na kile kisanduku kisafishwe kila wiki, mafuta ya ngazi (mawese) na ya samaki yakipoa yanakuwa gundi kwenye tuyo.

Maji ya mvua ya bati?

Kamwe. Mvua moja ya Bukavu inasukuma tope lote nje. Tengeneza mtaro wake, au teka uyatumie.

Hospitali je?

Mfumo wa hospitali uwe na hatua zote tulizosema na juu yake kuua vijidudu mwishoni, na wakati wa kipindupindu vinyesi vya wagonjwa vitiwe klorini ndani ya ndoo kabla ya kuingia kwenye tuyo yoyote. Dawa za maabara zisiingie kabisa.

Nitajuaje kama mfumo wangu bado unafanya kazi?

Chukua fimbo ndefu, funga kitambaa cheupe chini mpaka katikati, ishushe polepole chumba cha kwanza mpaka igonge chini, subiri dakika kidogo, itoe. Pale kitambaa kimekuwa cheusi na kinanata ni tope, pale ni kijivu ni maji. Tope likifika theluthi ya kina, ita vidanji, usingoje choo kirudishe maji nyumbani.

Halafu nenda mwisho wa tuyo. Jaza chupa ya plastiki angavu, iache nusu saa. Ikiwa bado nyeusi, au chini kumekaa tope la kidole kizima, chumba chako kimejaa au T imevunjika. Angalia na mawe pale maji yanapoingilia: utando wa kijivu kama pamba iliyolowa na viminyoo vyekundu vinavyochezacheza kwenye matope, hiyo ni alama mto hapo umekosa oksijeni. Panda mita mia juu ya tuyo uangalie mawe ya huko. Kama huko ni masafi na chini ni pamba, umejua ni ya nani.

Sheria inasema nini?

Kongo ina sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 ya kulinda mazingira na sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 ya maji. Kuchafua maji kunakatazwa, na mradi mkubwa unadai uchunguzi wa athari kwa mazingira kabla ya kujenga. Ukiwa unajenga hoteli au jengo la ghorofa, dai ule uchunguzi uwe na ukurasa wa maji ya choo, na uusome.

Jirani wa juu ameunganisha choo chake kwenye mtaro unaopita kwangu. Nifanye nini?

Usianze na kelele, maana utamhitaji. Piga picha tuyo na mtaro, siku ya kavu, ili asiseme ni mvua. Mwendee pamoja na mtu mzima anayeheshimiwa kwenye avenyu, mwambie watoto wenu wanacheza maji yale. Mara nyingi utakuta ni mpangaji, na mwenye parseli yuko Kinshasa au Ulaya, basi mtafute huyo, yeye ndo mwenye kulipa. Akikataa peleka picha kwa shefu wa avenyu, halafu wa kartie, halafu huduma ya mazingira ya komini, kila mara kwa barua yenye nakala unayobaki nayo. Na siku ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi) lileteni mbele ya wote, kwa sababu akikubali kuziba, maji yake yatahitaji pa kwenda, na pengine ndo hapo zile parseli sita au nane zinaanza kuongea juu ya fosi moja ya pamoja.